Kwanga ya Chuma

Niseme ujinga wenyewe kwanza, ili anayetaka kunihukumu aanze mapema: nilichezea mafundo ya mama. Si ya nguo, msianze kucheka, ninyi wa benchi la nyuma. Mafundo ya kwanga. Mama alikuwa ameketi asubuhi nzima akifunga kwanga za safari, zile za kuliwa kwa fundo moja, na zile nyingine, ambazo nitazieleza, kwa mafundo mawili. Alipokwenda kuoga, mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye utulivu wa mbuzi aliyekata kamba, nikaketi palepale alipotoka, nikafungua huku na kufunga kule. Nilikuwa na haja moja tu duniani: tonton Athumani, amu yangu, aing'ate pampu ya petroli.

Juzi hapa internat, bweni letu la shule, wakati wa chakula, nilishika kwanga yangu nikainusa kabla ya kuifungua. Meza nzima ikaangua kicheko. "Ramazani anapima kama iko na petroli!" Hawakujua walivyoukaribia ukweli. Tangu nimefika shule hii nanusa, na tangu nimefika mnanicheka. Bon. Leo niwanyamazishe mara moja, halafu kila mtu ale chakula chake kwa amani.

Gari lilikuwa la papa, na jina lake Dipanda, maana lilikuja nyumbani mwezi uleule uhuru ulipoingia, na uhuru mjini kwetu tuliuita hivyo, dipanda. Papa alikuwa dereva wa muzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mtu mwoga wa barabara kupita wote niliowahi kuwaona. Hata akienda posta alibeba mbili za kila kitu: pampu mbili, mikanda miwili, bugi, zile plagi za kuwashia injini, za kutosha kufungulia duka. Ngoma za uhuru zilipoanza kupigwa, muzungu yule akapanda ndege na sanduku moja, akamwachia papa ufunguo, kamioneti, na kasha zima la vipuri vyake vya woga. Papa akasema huo ndio mshahara wake wa mwisho. Kamioneti ilikuwa ya kijani yenye mlango mmoja wa bluu. Ikawa inaleta mchele na samaki wa moshi kutoka Banalia mpaka Makiso, mtaani kwetu Kisangani, na mimi nikaamini kabisa kwamba uhuru ni kitu chenye magurudumu manne na honi.

Halafu ukaja uasi. Sitaeleza nani alimpiga nani, maana wakubwa wenyewe bado wanabishana kwa sauti ya chini. Nilichokiona mimi ni hiki: wa kwanza walioingia mjini walichukua kila gari linalotembea, na waliokuja kuwafukuza wakachukua yaliyosalia. Gari likitembea, si lako. Basi papa akafanya la kwake lisitembee. Alasiri moja yeye na tonton Athumani, mdogo wake, walifunga lango la ua, wakavua mashati, wakapanga funguo zao juu ya gunia, wakaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kuvilaza juu ya majani ya migomba.

Mimi nilikuwa nimeona mambo kama hayo katika Idd ya kuchinja tu. Lango limefungwa, wanaume hawana mashati, vipande viko kwenye majani, sasa ningefikiri nini? Nikasema Bismillahi kwa sauti, kwa niaba ya wote. Kisha nikakimbia jikoni.

"Mama, sisi tunapata maini?"

Mama hakucheka. Alikuwa anatafuta mahali pa kuficha nyama hiyo. Askari wa pande zote mbili walipoingia katika nyumba ya mtu walitafuta redio na fedha, walipasua magodoro, walichungulia kisima. Jikoni walionja tu na kupita. Ndiyo maana Dipanda lote dogo dogo, pamoja na lile kasha la muzungu, likaingia jikoni kwa mama. Pampu za petroli zikazamishwa katika mtungi wa mawese, zisishike kutu. Zile rotor, vidude vidogo vinavyogawa moto kwenye bugi, zikaingia ndani ya kopo la karafuu. Bugi zikafukiwa katika majivu nyuma ya mafiga. Mikanda ikajikunja ndani ya tumbaku ya papa kama nyoka wawili wazee, na vichungi vikalala chini ya gunia la kahawa.

Kazi yangu ilikuwa kuvilinda. Kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, niliingiza mkono katika kila chombo kuhakikisha hakuna kilichoondoka. Ndivyo pua yangu ilivyosomea umekanika kabla kichwa changu hakijajua kusoma vizuri. Nje, Dipanda likabaki mifupa, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, na ndani sisi tukila wali wenye ladha ya gari. Mpaka leo karafuu ikinukia kwenye pilau, natega sikio nisikie injini ikiwaka.

Katika siku hizo dada yangu mdogo, Zaituni, hakuwapo nyumbani. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa anapelekwa kwa dada ya mama yake, asisikie harufu ya ziwa, alie hukohuko mpaka anyamaze. Zaituni alipelekwa Buta kwa mama mukubwa Sofia na mumewe, mfanyabiashara wa vitambaa, akae majuma machache arudi. Barabara ikafungwa nyuma yake. Mama mukubwa na mumewe walipokimbia vita walivuka mto Mbomou hadi Bangassou, nchi nyingine kabisa yenye bendera yake, na Zaituni mgongoni.

Mama hakumtaja. Hata mara moja. Ukimtaja wewe, alisimama akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mimi nikaona mambo ni wazi: mtoto alipelekwa akasahau, basi na mama naye amesahau, wako sawa. Nawaambia nilikuwa na miaka tisa.

Barabara ilipoanza kufunguka kidogo, katikati ya mwezi wa Ramadhani, mchuuzi mmoja wa samaki akaleta habari kutoka ng'ambo. Zaituni mzima, mnene, anatembea na kutukana. Lakini mume wa mama mukubwa anahamisha biashara yake Chad. Lori ameshakodi. Wataswali Idd, kisha wanaondoka wote, na mtoto.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

"Baba Ramazani, gari yako iko vipande ngapi?"

"Mingi," papa akasema.

"Unganisha."

"Mama Ramazani, sikiliza, barabara ile..."

"Mutoto akifika Chad si mutoto wangu tena. Atakuwa hadisi tu ya kusimulia. Unganisha."

Papa akaunganisha. Yeye na tonton walikuwa wakija jikoni kama watu wanaotoa vitu benki, na mimi ndiye karani: pampu moja, bugi nne, mkanda mmoja. Dipanda lilipowaka mara ya kwanza lilikohoa, likatoa moshi wenye harufu ya karafuu, kuku wakaruka kupitia dirishani, na majirani wakapiga makofi juu ya ukuta. Papa alizunguka gari lake mara mbili akilipigapiga mgongoni. Sijawahi kumwona akinipigapiga mimi hivyo, lakini tuache hilo.

Ikabaki jozi ya pili, vile vipuri vya woga. Kuviacha nyumbani haikuwezekana.

"Kutoka Banalia mpaka Mbomou," papa akasema, "gari ikikufa, utaomboleza na nyani. Hakuna garage, hakuna duka. Kila kitu tunabeba."

"Na vizuizi?" tonton akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Askari wa vizuizi walipenda kipuri kuliko noti, maana bugi moja mfukoni ilikuwa bia jioni. Waliofungua masanduku ya wasafiri hawakuyafunga yakiwa na uzito uleule. Papa na tonton wakabishana: chini ya kiti, ndani ya gurudumu la akiba, katika ngoma. Mama akawaacha wachoke.

"Askari anapekua sanduku," akasema. "Nani anapekua kwanga?"

Kwanga, kwa msomaji wa mbali, ni muhogo uliolowekwa, ukatwangwa, ukafungwa katika majani mapana na kupikwa kwa mvuke mpaka ukawa mzito kama dhambi. Ya mama, Mungu amsamehe, ungeweza kujengea ukuta. Akaleta majani, akayapitisha juu ya moto yalegee, akalaza katikati pampu inayodondoka mawese, akakunja pande zote kama anayemfunika mtoto, akakaza kwa kamba ya porini. Mafundo mawili. Kisha kwanga ya kweli, fundo moja. Ukiziweka pamoja kwenye kapu, hata mimi, mlinzi mkuu wa jiko, nilishindwa kuzitofautisha kwa macho.

Na tonton Athumani? Kosa lake lilikuwa kunipokonya nafasi ya dirishani kabla hata safari haijaanza, na kuniambia mbele ya watoto wa jirani kwamba mimi ni kichwa ya kwanga. Nikamwangalia meno yake, makubwa, meupe, mengi kuliko ya watu wa kawaida, nikapata wazo. Mengine mnayajua.

Tuliondoka watu wanne: papa kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi nimebanwa katikati, na tonton ananing'inia dirishani kama pazia. Wakubwa wote watatu walikuwa wamefunga. Msafiri ameruhusiwa kula, lakini papa alisema Dipanda ndilo linalosafiri, yeye ameketi tu. Kwa hiyo hakuna aliyegusa kapu, na mimi nikiangalia miti ikipita, nikasahau kabisa uchawi niliouacha mle ndani.

Banalia tulivuka mto Aruwimi juu ya mbao zilizofungwa kwenye mitumbwi, wapiga makasia wakiimba, Dipanda likitetemeka kama bibi harusi. Ng'ambo palikuwa na kizuizi: mti mmoja mrefu umelazwa juu ya mapipa mawili, na askari wenye macho ya njaa. Mkubwa wao alikuwa sajini mrefu mwenye koti lililobakiwa na kifungo kimoja. Alisoma karatasi za papa juu chini, akafungua sanduku la gari, akakuta jeki na funguo.

"Muzee, unaenda Bangassou bila kipuri hata moja? Wewe iko mwendawazimu?"

"Niko na imani, chef," papa akasema.

Tonton akakohoa. Sajini akatazama tairi, akatazama mbingu, akafunga sanduku.

"Bon. Imani haijazi tumbo. Mama, mumebeba nini ya kula?"

Mama aliinama kwenye kapu akachagua kwa makini. Fundo moja. Akampa kwa adabu zote. Sajini hakuwa na muda wa kufungua kamba, akayapasua majani kwa meno, kama mtu yeyote mwenye njaa ya kweli.

Kli!

Sauti ile niliijua kabla ya wote waliokuwapo. Ndoto yangu ilikuwa imetimia kwenye mdomo usio wake.

Sajini alitema kitu kiganjani. Kipande cha jino. Akakitazama, kisha akaitazama pampu ya petroli iliyokuwa inang'aa kwa mawese katikati ya majani.

"Nini oyo?" akauliza kwa Lingala, polepole.

Akaamuru kapu lishushwe, akafungua nyingine mwenyewe. Rotor. Akacheka bila furaha.

"Vyuma ndani ya chakula. Kumbe imani yako inanuka petroli! Hii inaenda kwa waasi ku pori."

"Chef, naapa kwa Mungu, tunaenda kuchukua mutoto," papa akasema. "Mutoto wetu iko ng'ambo. Wanamupeleka Chad."

"Kila mutu ninayekamata iko na mutoto ng'ambo. Geuza gari. Utaenda kueleza kambini, Kisangani."

Kambini. Tulijua watu waliokwenda kueleza kambini, na walikuwa bado wanaeleza. Na hata kama papa angeeleza vizuri na kuachiliwa kesho yake, Idd ingetupita njiani na lori lingekuwa limeshaondoka. Niliyaelewa hayo yote kwa kumtazama mama. Aliketi chini, barabarani, kwenye vumbi, na kikwembe chake kizuri. Hakulia. Alikuwa ameokota kamba ile aliyoitupa sajini, anaiangalia. Fundo moja. Akaigeuza. Kisha akainua kichwa taratibu akanitazama mimi.

Bunduki nilizoziona katika vita ile zote hazikuniogopesha kama jicho lile. Na mimi, kwa bahati mbaya, nikiogopa nacheka. Nikacheka.

"Unanicheka, wewe?" Sajini alikuwa ameshika shavu.

"Hapana, chef. Niko najicheka mimi mwenyewe."

Nikasema yote. Fundo moja, mafundo mawili, dirisha, kichwa ya kwanga. Nilisema haraka kwa sababu papa alikuwa ameanza kunisogelea. Askari mmoja nyuma akaanza kukohoa ndani ya kofia yake.

"Kwa hiyo meno ya kuvunjika ilikuwa ya tonton yako?" sajini akauliza.

"Ndiyo, chef. Yeye iko nayo mingi."

Hapo wakaanguka, askari wote, wengine wakaegemea bunduki zao. Tonton akafunga mdomo, ikawachekesha zaidi. Ni sajini peke yake aliyebaki kama nguzo, na sikumlaumu, jino lilikuwa lake.

"Uongo," akasema. "Mama yako mwenyewe hakujua, sembuse wewe? Mutoto hawezi kujua ndani ya majani kuko nini."

"Naweza, chef. Kwa harufu."

Sijui nani aliyeuweka ulimi wangu kinywani siku ile. Sajini akanitazama, akawatazama watu wake, ambao kwa macho ilionekana hawakuwa wamecheka tangu mvua zilizopita. Akachukua kapu akalimimina lote juu ya turubai.

"Alors, mutaalamu. Tunakufunga macho. Utasema moja moja. Ukikosa hata moja, papa yako anapanda gari anaenda kambini, na vyuma yote ni ya serikali. Usipokosa, munapita nayo."

"Chef, ni mutoto," papa akasema.

"Jino yangu ilivunjwa na nani, mutu muzima?"

Wakanifunga macho kwa kitambaa cha sajini mwenyewe. Nikavuta pumzi, nikasikia tumbaku, jasho, na kitu cha tatu ambacho sitakiandika.

"Chef, samahani. Kitambaa yako inanuka kuliko gari."

Kicheko tena. Nilikuwa nasema kweli. Mkanda wetu ulikaa ndani ya tumbaku miezi yote ile, ningeujuaje na tumbaku nyingine imefungwa juu ya pua? Wakanitafutia gunia safi la chumvi. Nikapiga magoti kwenye turubai. Askari wakasogea, nikahisi joto la miguu yao pande zote, kama siku ya mpira.

Ya kwanza ilikuwa na ule uchachu wa muhogo unaoamsha mate. "Kwanga." Majani yakapasuka. "Ni kwanga!" Ya pili ilinuka kahawa. "Kichungi." Wakapiga kelele. Moshi na majivu: "Bugi." Tumbaku ya papa, tamu kidogo, siyo kali kama ya sajini: "Mukanda." Sasa walikuwa wanaimba jibu pamoja nami, na mmoja akaanza kupiga pipa kila nilipopata. Kwanga! Bum. Kwanga! Bum. Bugi! Nikaanza kujisikia mkubwa. Nikaanza kuongeza mbwembwe, nanusa mara mbili, natikisa kichwa kama daktari, nasema "hmm". Nikasikia sauti ya tonton Athumani, adui yangu, ikipasuka juu ya zote: "Endelea, muzee! Endelea!"

"Ya mwisho," sajini akasema.

Nikainusa. Haikuwa muhogo. Haikuwa mawese wala karafuu wala majivu. Nikaigeuza. Ilikuwa nyepesi, laini, na ilikuwa na mafundo mengi kuliko zote. Hii sikuwahi kuilinda. Pipa likanyamaza. Nikasikia mto, na nzi.

"Sema."

Nikaipeleka puani tena, nikabana mdomo. Kulikuwa na sabuni ya zamani, mbali sana. Kulikuwa na mafuta ya mbegu za mawese, yale wanayopakwa watoto wachanga baada ya kuoga. Na chini ya hayo kulikuwa na maziwa yaliyochacha, na mkojo kidogo, na joto la mgongo wa mtu. Nikajikuta nimerudi kwenye mkeka wetu, asubuhi, mtu mnene amekaa juu ya kichwa changu anavuta masikio.

"Hii si chuma," nikasema. "Si kwanga pia. Hii ni Zaituni."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mafundo yakikatwa kwa kisu, moja, jingine, jingine. Nikavua gunia bila ruhusa. Sajini alikuwa ameshika kikwembe, kile cha maua mekundu ambacho mama alimbebea Zaituni mgongoni mpaka siku aliyompeleka Buta. Hakikuwa kimefuliwa tangu siku ile. Mama alikuwa amekifunga katika majani ili harufu isitoke.

Na mimi nilifikiri amesahau.

Sajini hakuuliza nani Zaituni. Alikunja kikwembe vibaya, kama wanaume wanavyokunja, akajaribu kukirudisha katika majani, ikashindikana, akampa mama aliyekuwa bado ameketi barabarani.

"Inua mti," akawaambia watu wake.

Tulipokwisha kufungasha alikuja dirishani mwa papa, shavu limevimba.

"Muzee. Mukirudi, mupite hapahapa. Nataka kuona huyo mutoto na macho yangu. Nimelipa jino."

Askari walikimbia pembeni ya Dipanda mpaka kwenye kona, wakipiga mabati yake na kuita jina langu, na mimi nilikuwa dirishani. Ndiyo, dirishani. Tonton alinizaba kofi moja la kichwa kwa ajili ya meno yake, kisha akanipisha.

Mama hakunisemesha. Alinipa chakula na maji, alinifunika baridi ilipokuja, lakini neno hapana. Kwa hiyo nilijificha katika kazi, na kazi ilikuwepo. Baada ya Buta mkanda ulikatika katikati ya msitu mnene, pasipo hata nyani wa kuomboleza naye. "Ramazani! Mukanda!" papa akaita kutoka chini ya kifuniko cha injini, mkono umenyooshwa nyuma bila kuangalia. Nikanusa rundo, nikampa. Bugi mbili zikafa, nikampa. Kabla ya Bondo pampu ya petroli ilikata roho kwenye matope yaliyofika magotini, na iliyoingia mahali pake ni ileile ya sajini, ina alama nyeupe ya jino ubavuni. Dipanda lilipowaka, papa, aliyepakwa matope mpaka kwenye nyusi, alinigeukia, akanishika mkono kama wanavyosalimiana wanaume. "Asante, dokta," akasema. Nikageuka kutazama kama mama amesikia. Alikuwa anaangalia barabara.

Asubuhi ya Idd tulikuwa kwenye ukingo wa Mbomou, tunasubiri kivuko, na takbira zikatufikia kutoka upande wa pili juu ya maji. Mama alisimama palepale kwenye matope ya ukingo. Wakiwa wanasali, bado wako. Wakimaliza, wanaondoka. Tukawasikia wakimaliza.

Papa hakuteremka taratibu kutoka kwenye kivuko kama sheria inavyotaka. Alibonyeza honi na hakuiachia. Tulipita forodha na honi, tulipita soko na honi, watu waliovaa kanzu nyeupe wakitupisha, watoto wakitufuata mbio, Dipanda likitoa moshi wa kahawa na karafuu na mawese, na mwishoni mwa barabara tukaliona lori: limeshapakiwa mpaka juu, injini inanguruma, mume wa mama mukubwa anakaza kamba ya mwisho. Juu ya marobota ameketi msichana mdogo mwenye gauni jipya, anakula andazi.

Mama aliruka kabla gari halijasimama. Papa akapaki Dipanda mbele ya lori, pua kwa pua, akazima, akachomoa ufunguo. Hata shetani asingeliondoa lori lile.

Sijui mama alipandaje. Najua tu kwamba alikuwa chini, halafu alikuwa juu, halafu alikuwa chini tena na Zaituni kifuani. Mama mukubwa Sofia akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Zaituni naye alipiga kelele kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, akamwuma mama bega, akamvua kilemba, akampaka andazi machoni. Mama akazidi kumkaza, anazunguka palepale, analia na kucheka, na watu wa Bangassou ambao hawakutujua walianza tena takbira, kwa ajili yetu safari hii, na tonton Athumani akaonyesha meno yake yote bila hofu.

Nikaona ndio wakati. Mtu mwenye furaha namna hii hawezi kubaki na kinyongo. Nikasogea taratibu, nikashika mguu wa dada yangu ili nimsalimie, naye akanipiga teke la pua. Mama akaacha kuzunguka. Akaniona. Akanitazama juu chini, kilemba kimemwangukia begani, na akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu Banalia:

"Wewe nitakupiga, Ramazani, usizani nimesahau. Lakini sasa hii mikono yangu imejaa."